Ubao Tuliompangia Mzee Imefikaje

Baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya mita za maji, fundi mkuu wetu alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita. Jarida hili lilikusudia kumuaga kwa bashasha. Bashasha imetuishia, na ni vyema tuseme sababu.

Alianza kazi akiosha mita kuukuu, akapanda mpaka kuongoza karakana nzima. Mita mbovu ikiletwa, hakukimbilia kuifungua. Aliigeuzageuza mkononi na kuuliza: imefikaje hapa ilipofika? Ndipo akabandikwa jina la Mzee Imefikaje, na hata mkewe akipiga simu ofisini alimuulizia kwa jina hilo.

Swali hilo alilihamishia kwenye sataranji. Kucheza hakukumvutia. Alichopenda ni kupanga kete kiajabuajabu kwenye meza ya chumba cha chai: farasi weupe watatu, ilhali kila upande huanza na wawili, au askari waliorundikana safu moja. Kisha humkamata yeyote anayepita: zimefikaje hapo bila kuvunja sheria? Wengi wetu tulisingizia kazi, tukabeba vikombe vyetu tukaondoka.

Mwezi wa mwisho alipanga fumbo moja akaliacha pale. Alisema ni zawadi yake kwetu, na jibu atalitaka siku ya kuagana. Tuliitikia sawa, huku tukikoroga chai.

Asubuhi ya sherehe, kamati, nami nikiwemo, ilitaka kumfurahisha. Tulifuta ubao, tukang'arisha kete na kuzipanga vizuri, kila moja mahali pake pa kuanzia mchezo. Tukaweka na maua.

Alipoingia aliutazama ubao. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, nani anakumbuka mfalme mweupe alikuwa wapi katika lile fumbo. Yeye alikumbuka vizuri. Alitaka kujua kama yupo aliyeangalia. Dereva alisema pembeni. Mtunza stoo akasema katikati. Mzee akacheka kidogo, akasema si neno, chai inapoa.

Tumeona aibu, Mzee wetu, na bado haijatutoka. Asante kwa miaka yote, na kwa zawadi ambayo hatukuitazama hata siku moja. Uwe na mapumziko ya afya na furaha, wewe, mama na wajukuu. Ukipita karibu, ingia utupangie fumbo lingine, utuulize tena. Safari hii tutaketi.