Alama Sitini na Moja za Mwalimu Jedidah Ciakuthii

Leo Ijumaa, tarehe 2 Agosti 1996, Mwalimu Jedidah Ciakuthii anaweka chaki chini baada ya kufundisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Mugaari kwa miaka thelathini na miwili na miezi mitatu, kasoro siku mbili. Mimi nilikuwa nimeandika miaka thelathini na mitatu, maana inasikika vizuri kwenye sherehe. Alipoiona akaikata kwa kalamu nyekundu. "Njue," akaniambia, "usinizidishie hata siku moja. Hizi zangu zinatosha."

Njue ndiye mimi, mtunza stoo ya chakula hapa shuleni tangu 1978. Kabla ya hapo niliendesha malori hadi Kigali na Lusaka, na nimekula samaki wa maziwa matatu tofauti. Masomo niliyaacha darasa la tano, lakini kamati ilipouliza nani ataandika wasifu huu, walimu kumi na mmoja waliinamisha vichwa kama watu wanaotafuta sindano. Kwa hivyo ukikuta kosa la lugha, lipite tu. Makosa makubwa yako mbele, na si yangu.

La kwanza ni hili. Barua ya kustaafu iliyotoka ofisi ya elimu mwezi wa kwanza inamwita mama huyu "msaidizi wa darasa asiye na cheti". Msaidizi! Alikuwa akimsaidia nani? Katika darasa lile hakujawahi kuwa na mtu mwingine mzima, isipokuwa siku nyoka alipoingia tukaitwa. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Ndambiri, aliniomba kwa upole niandike cheo kama kilivyo kwenye barua, kwa sababu Bwana Afisa wa Elimu ndiye mgeni wetu wa heshima leo. "Njue, ndugu yangu, usituletee maneno siku ya pilau." Nimemsikia. Nimeandika Mwalimu.

Alianza kazi Jumatatu tarehe 4 Mei 1964, Uhuru wenyewe haujatimiza nusu mwaka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu na darasa la nane lake. Wenye vyeti walikuwa wakiletwa huku chini, wanaona jua la Mbeere, wanaona vumbi la barabara ya Kiambere, wanarudi na basi lile lile. Yeye alibaki. Akaahidiwa kwamba akifanya masomo ya likizo na kupita mitihani yote, atapewa cheti cha ualimu kama wenzake. Kufikia 1970 alikuwa amepita kila somo. Likabaki moja: Hisabati.

Mwaka wa 1971 alianguka kihalali, na hilo nalisema kwa sababu mimi si mtu wa kupaka mafuta. Waliuliza tatu ukigawa kwa nusu ni ngapi, akaandika moja na nusu. Akaanguka, akaendelea kufundisha.

Lakini ya 1983, jameni! Ile karatasi ya kuandika aliipita. Ikabaki siku ya mkaguzi kukaa nyuma ya darasa amtazame akifundisha, na sheria ya wakati huo ilikuwa kwamba ukianguka upande mmoja umeanguka pande zote. Mimi nilikuwa dirishani nakaza bawaba, kwa hivyo haya sikusimuliwa. Mkaguzi alikuwa kijana wa kutoka mbali, viatu vinang'aa mpaka vumbi letu likaogopa kuvigusa. Somo lilikuwa makumi na mamoja. Akasema, "Haya mwalimu, anza kwa kuhesabu watoto wako."

Sasa, kwetu Mbeere mtoto wa mtu hanyoshewi kidole akahesabiwa moja, mbili, tatu kama gunia. Hata mbuzi hatumhesabu hivyo. Mchungaji anatazama zizi tu, anajua ni nani hajarudi. Mwalimu Ciakuthii hakubishana. Alichukua kibuyu, kila mtoto akapita akatia kunde moja. Akazimwaga mezani, watoto wakazipanga kumi kumi kwenye vifuniko vya soda. Vifuniko vinne vikajaa, kunde tatu zikabaki nje.

"Makumi mangapi?"

"Manneee!"

"Na hawa waliokosa nyumba?"

"Watatuuu!"

Arobaini na tatu. Kazi imekwisha, na hata mimi wa dirishani nilikuwa nimeelewa kitu ambacho darasa langu la tano halikunieleza. Mkaguzi akatikisa kichwa, akasimama, akawahesabu mwenyewe kwa kidole. Akapata arobaini na wanne, maana katoto kamoja kalikuwa kamehama dawati ili kaone viatu vyake karibu. Kisha akaandika kwenye ripoti kwamba mwalimu hawezi kuhesabu darasa lake.

Haki ya Mungu! Aliyekosea hesabu ni yeye, aliyeanguka ni mama wa watu. Mimi nilitaka kumfuata na bisibisi mpaka langoni. Mwalimu akanizuia, akaniita kwa jina la binti yangu. "Mwache, Baba Mukami. Mimi sitanyoshea watoto wa watu kidole ndiyo nipewe karatasi." Na kwa miaka kumi na mitatu hakurudi kwenye mtihani huo tena.

Je, katika miaka hiyo alikaa akisaidia? Mwaka wa njaa, 1984, watoto wote wa shule walikuwa wakila hapa kwenye sufuria yangu, na kwa wengine hicho ndicho kilikuwa chakula cha siku nzima. Mimi kwa roho nzuri nilikuwa najaza kata hadi inamwagika. Siku ya pili Mwalimu akaja akasimama kando. "Njue, ukimjazia hivyo wa kwanza, wa mwisho atakula hadithi." Akauliza mahindi ni debe ngapi, maharagwe ngapi, watoto wangapi kwenye vitabu vya mahudhurio. Akaandika chini kwa kijiti, akafuta, akaandika tena. Halafu akachukua msumari akakwaruza mstari ndani ya kata. "Usipite hapa, hata akija mtoto wako." Tangu siku hiyo hadi mvua iliponyesha, mtoto wa mwisho alikula sawa na wa kwanza. Hiyo si hisabati? Kama si hisabati, basi nielezwe ni nini.

Nenda soko la Kiritiri siku ya mbuzi. Wale akina mama ambao mnunuzi wa mjini hawezi kuwachanganya kwa maneno mengi, waulize walijifunza wapi kumi na kumi. Wengi watakutajia jina moja. Fimbo hakuwahi kushika. Mtoto akikosea, yeye husema, "Umekaribia, rudi tena uibishe," kana kwamba hesabu ni mlango wa jirani.

Basi barua ile ya mwezi wa kwanza ikaja. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa stoo. Sijawahi kumwona mama huyu akilia, na siku hiyo pia hakulia, lakini aliikunja ile karatasi ikawa ndogo, ndogo, mpaka haikuweza kukunjwa tena. Kisha akasema, "Nataka kurudia ile Hisabati. Kuna mtihani likizo ya Aprili, na siku hizi hakuna mkaguzi wa kuja darasani. Ni karatasi tu. Shida yangu ni sehemu. Wewe unajua sehemu?"

Kama najua sehemu? Mimi niliyefungua injini usiku na mchana nchi tano! Nilitoa mfuko wa spana. Spana za lori la zamani ni za inchi, kila moja imeandikwa sehemu yake ubavuni. Nikaweka mbili mezani. "Mwalimu, ipi kubwa? Nusu, au saba kwa kumi na sita?"

"Saba kwa kumi na sita," akasema haraka. "Ina namba kubwa."

Nikampa boliti yenye kichwa cha nusu inchi. "Haya, ivishe."

Spana ikagoma. Akaigeuza, ikagoma. Akaiinua usoni akaiambia, "Kumbe wewe ni mwembamba hivi, na maneno yote hayo!" Miaka yote watoto wake walikuwa wakihesabu hadi tisini na tisa, sehemu angezipeleka wapi? Lakini baada ya juma moja alikuwa akizipanga spana kumi na mbili kutoka ndogo hadi kubwa bila kuzitazama, kwa vidole tu. Baada ya majuma mawili alikuwa anazibadilisha zote ziwe za kumi na sita kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyekuwa nabaki nyuma.

Tukafika kwenye kugawa kwa nusu, adui yake wa 1971. Hapo nikajifanya bingwa. "Mwalimu, mimi nimegawa mizigo mpaka Lusaka. Kitu kikigawanywa lazima kipungue. Hiyo moja na nusu yako ilikuwa sawa, walikuonea." Akachota mahindi gorogoro tatu, yale makopo ya kupimia nafaka sokoni, akazimwaga kwenye karai, akanipa kopo la nusu gorogoro. "Toa, Baba Mukami. Toa mpaka yaishe." Nikatoa la kwanza, la pili, la tatu. Hapo karai limefika katikati tu, si vile nilivyotaka. La nne, la tano, la sita.

"Nusu ngapi ziko ndani ya tatu?"

Nikasema yamemwagika mengine. Akacheka mpaka akakalia gunia. Ndiyo, nilishindwa, na yuko mtu mwenye miaka hamsini na mitano aliyeanza kujifunza mahali alipoangukia na akaenda mbele yangu. Tukapita namba tasa, akanionyesha kwamba hamsini na moja inajifanya haigawanyiki, kumbe ni tatu mara kumi na saba. Tangu hapo siamini namba yoyote kwa sura.

Siku ya mtihani nilimpeleka Embu mwenyewe, kwa gari la kuazima. Mlangoni msimamizi akamtazama kitambaa cha kichwa, akatazama mkoba, akasema, "Mama, wazazi wangoje nje." Mwalimu akatoa kadi yake. "Leo mimi si mzazi. Mimi ni namba kumi na nne." Aliingia na vijana ambao baadhi yao walikuwa hawajazaliwa alipoanguka mara ya kwanza. Alitoka wa mwisho. Sikumuuliza kitu mpaka tulipopita Karurumo, kwa sababu nilikosea njia kwa wasiwasi na Karurumo si njia ya kwetu. Ndipo akasema, "Walileta ile ya kugawa kwa nusu." Akaangalia dirishani. "Nikawaandikia na michoro ya makopo."

Majibu yamefika Jumanne ya juma hili. Jedidah Ciakuthii, Hisabati, alama sitini na moja kwa mia. Amepita. Walimu walipiga makofi hadi kuku wa jirani wakakimbia.

Jumatano asubuhi mimi nilikuwa kwenye ofisi ya elimu kuuliza cheti. Karani, bila kuinua macho, akanijibu, "Mzee, vyeti vinachapwa Septemba, na vinachapwa kwa walioko kazini. Septemba huyu atakuwa amestaafu. Mwambie afurahi tu."

Afurahi tu! Mtu alifundisha watoto miaka thelathini na miwili bila karatasi, mkasema haitoshi. Akapata karatasi, mnasema amechelewa. Sasa alichelewa wapi? Mei 1964 alikuwa hapa saa moja na nusu asubuhi! Nilipewa benchi nikae nipoe hasira. Hapo ukutani palikuwa na kanuni zenu zimebandikwa, nami kwa kuwa sina adabu ya kukaa bure, nikazisoma zote. Kanuni ya tisa inasema mtumishi aliyefaulu akiwa kazini anaweza kuthibitishwa kuwa mwalimu kwa barua yenye sahihi ya afisa, bila kungoja cheti kuchapwa. Akiwa kazini. Niliisoma mara tatu, nikainakili nyuma ya risiti ya chumvi.

Bwana Afisa, karibu sana Mugaari, na samahani kwamba nakusemesha ukiwa na sahani mkononi. Hotuba yako ni namba saba kwenye ratiba. Mwalimu Ciakuthii anastaafu kengele ya saa kumi ikilia, si kabla. Mpaka wakati huo bado ni mtumishi wako. Barua ya kumthibitisha imeshachapwa, na aliyeichapa si mimi. Ni Bwana Ndambiri, jana, baada ya mimi kumpa ile risiti, kwa vidole viwili, mlango ameufunga. Mimi nilikuwa nimemwita mwoga mbele ya walimu, na hapa namwomba msamaha mbele ya wazazi. Iko kwenye faili ya kijani juu ya meza yako. Hakuna kinachokosekana ila sahihi.

Mwalimu wetu, Mugaari inakushukuru kwa kila mtoto uliyempokea akiwa hajui moja ukamtoa akijua makumi, na kwa kila aliyekosea ukamwambia arudi aubishe mlango. Nyumbani kwako tunakuombea mvua za msimu, mtama ambao ndege hawatauona, magoti yasiyouma, na mchana mrefu wa kulala bila mtu kupiga kengele. Nenda ukaishi vizuri, mama yetu, na ukipita kwenda Kiritiri uingie stoo, chai ipo.

Ila kwa sasa kaa hapo hapo kwenye kiti. Saa kumi bado.