Beji Iliyobaki Kwenye Droo

Mwoneni Kasmiri Burito akifika kazini Bunda, saa moja kasoro asubuhi. Anaegemeza baiskeli ukutani, anabandua kifuani beji ya kupimia mionzi, anaifungia kwenye droo, kisha anaita, "Haya, wa kwanza!"

Marehemu alizaliwa Butiama tarehe 14 Machi 1964, akasoma hukohuko, kisha akasomea kupiga picha za eksirei Mwanza na kuhitimu mwaka 1989.

Kuanzia Januari 1990 hadi 2021 alikuwa mpiga eksirei pekee wa hospitali yetu ndogo ya Bunda. Mtoto akigoma kutulia mezani, hakumruhusu mama amshike. "Toka nje mama, huenda una mwingine tumboni. Huyu niachie, tutaelewana." Akamshika mwenyewe, huku anamwimbia, mikono ikiwa ndani ya mionzi.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa Musoma na Nyangi, aliyekuwa mgonjwa wake. Nyangi alizoea kusema, "Alipiga picha ya mbavu, moyo hakuuona, ikabidi aje kuuliza nyumbani."

Mei 2022 alikutwa na saratani ya damu. Binti yake Hyasinta, aliyekuwa akisomea mionzi, aliomba kumbukumbu za beji. Kumbukumbu za miaka thelathini na moja, zote safi.

"Baba, imekuwaje?"

"Nilikuwaga naiacha kwenye droo. Ingesoma juu wangenisimamisha kazi. Wagonjwa wangeenda wapi?"

Hyasinta akamweleza alichojifunza: uzi wa vinasaba ulio ndani ya kila seli hupitisha umeme kidogo, kama waya. Mionzi ikiuharibu mahali, umeme hukwama hapo. Mwili usipoukarabati uzi huo vizuri, saratani inaweza kuanzia hapo.

"Kumbe mimi ni waya uliolika," mzee akacheka, akakohoa muda mrefu.

Madaktari hawakuweza kuthibitisha chanzo. Shahidi pekee ilikuwa beji, nayo haikuona kitu.

Alifariki tarehe 9 Juni 2024 nyumbani kwake Mukendo, Musoma, alikohamia alipoacha kazi, Nyangi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, Hyasinta na Abednego, na wajukuu wanne. Mungu amtulize kama alivyowatuliza watoto wetu pale mezani.

Jumatatu Hyasinta anaanza kazi katika chumba kilekile cha baba yake, naye atakuwa peke yake. Ameapa kuivaa beji. Siku itakaposoma juu, nasi tumejaa kwenye benchi na watoto wetu mapajani, nani kati yetu atainuka amwambie, "Binti, toka humo, ukapumzike"?