Kengele ya Anatory wa Murukulazo

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Kama unapukuchua mahindi, endelea kupukuchua, ila masikio yawe huku. Jumatano iliyopita tulimzika Anatory Gaspari kwao Murukulazo, nyuma ya migomba ya mama yake. Anatory Gaspari, mtangazaji wa chemsha bongo ya televisheni. Yule wa "vidole kwenye kengele". Wengi wenu mlimjua kwa jina tu, maana televisheni zenyewe hapa kwetu ni za kuhesabu, na wenye nazo wanategemea jenereta iamke na hali nzuri.

Mimi ni Felisita wenu. Haya nitakayosimulia nimeyapata kwa dada yake, mama Francisca, kwa mwalimu Celestini aliyefundisha Murukulazo, na kwa mpwa wake marehemu, Speciosa, binti wa huyo Francisca. Jina la Speciosa mliweke mkononi. Habari hii ni yake pia.

Anatory alizaliwa Murukulazo, nyumba ya wakulima, nyumba ya rozari kila jioni. Baba yake, mzee Gaspari, alikuwa mtu wa maneno machache na kiko kirefu. Na katika nyumba ile, kama katika nyumba zetu nyingi za Wahangaza, mtoto hakatizi maneno ya mkubwa. Mkubwa anasema, mtoto anafunga mikono. Mkubwa akimaliza, mtoto anameza mate kwanza, ndipo anajibu. Bibi Febronia, mama yake Anatory, mpaka leo anasema hivi: "Anayejibu haraka alikuwa anangoja unyamaze tu."

Kijana akafaulu. Akachukuliwa seminari. Kule, wasikilizaji, mambo yalikuwa mengine. Padre anauliza, mikono inaruka kama panzi. Wa kwanza kujibu ndiye anayesifiwa. Anatory akajifunza kuwa wa kwanza. Likizo ya kwanza akarudi nyumbani, wameketi wanakula, mzee Gaspari akaanza kueleza habari ya shamba la mpakani. Hajafika katikati, mtoto akamalizia. Akamalizia vizuri tu, hakukosea. Mzee Gaspari akaweka kiko chini, akainuka, akaenda kukaa nje. Hakumchapa.

Mama Francisca anakumbuka. Anasema ugali ulipoa, na tangu siku hiyo kaka yake akawa na midomo miwili, mmoja wa shule na mmoja wa nyumbani.

Ule wa shule ulimpeleka mbali. Sekondari ya wale wanaoitwa vipaji, kisha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Televisheni zilipoanza huku bara, kituo kimoja kikatafuta mtu wa kuuliza maswali. Wakamchukua Anatory, ila wakamsugua kwanza. Wakamwambia ulimi wake una udongo wa Ngara. Alikaa miezi akifundishwa kutenganisha ra na la, mtu mzima mwenye digrii. Lafudhi ikanyooka. Suti ikaja. Na ile sentensi yake ikaja: "Haya, vidole kwenye kengele!"

Sheria ya kipindi ilikuwa moja, na naomba muishike. Anayebonyeza kengele kwanza ndiye anayejibu. Hata kama muulizaji hajamaliza kuuliza.

Bibi Febronia alimwona mwanawe kwenye kioo mara moja tu. Ni Benaco, kambini kwa wakimbizi. Mnaikumbuka Benaco ya miaka ile, mlima mzima ni maturubai, watu kuliko majani. Kulikuwa na kibanda cha video, na mtu akaleta kanda ya chemsha bongo. Bibi akapelekwa. Akatazama mpaka mwisho. Alipotoka akasema, "Hata shikamoo hajanipa. Na wale watoto anawauliza kwa haraka hivyo, wamemwibia nini?" Watu walicheka wiki nzima. Anatory alipoambiwa, naye alicheka, lakini Francisca anasema alicheka kidogo.

Sasa tufike mwaka tisini na sita. Mwezi wa saba, mwaka tisini na sita. Miti yetu ilikuwa imekwisha kuwa kuni, visima vimekauka, na wenyeji wakaanza kunung'unika kwamba misaada yote ni ya wakimbizi. Shirika moja likaona liwafurahishe wenyeji. Likaileta chemsha bongo ya televisheni hapa Ngara, ndani ya ghala la chakula karibu na Benaco, taa kali na jenereta mbili. Shule moja ya msingi ya Murukulazo itashindana na shule moja ya kulipia ya Dar es Salaam.

Sikilizeni zawadi. Watoto wetu wakishinda, wote watatu watasoma shule ya bweni mpaka kidato cha sita, shirika litagharamia. Watoto wa Dar wakishinda, watapewa kikombe. Shule wao walikuwa nayo. Walikuja kwa ndege ya misaada, soksi nyeupe mpaka magotini, na vumbi letu likaziheshimu kwa muda.

Mwalimu Celestini alichagua watatu. Wa mbele, wa kubonyeza kengele, alikuwa Speciosa Nduwayo, miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Ndiyo. Mpwa wa mtangazaji. Binti wa dada yake wa tumbo moja.

Anatory hakujua mpaka alipoingia ghalani akamwona pale mezani. Mtoto akainuka, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo mjomba." Akajibu, "Marahaba." Basi. Mwulizaji haruhusiwi kuzungumza na washindani, na wakubwa wake walikuwa wamesimama pale. Miaka baadaye alimwambia Francisca kwamba alitaka kumnong'oneza mtoto jambo moja tu, asimsubiri. Kisha akajijibu mwenyewe: "Ningemwambia nini, dada? Asiniheshimu?"

Mashindano yakaanza. Mwalimu Celestini anasema alitamani ardhi impasukie. Watoto wa Dar walibonyeza swali likiwa bado mdomoni. Wa kwetu walifunga mikono, wakasikiliza mpaka nukta, wakameza mate. Hata hivyo hawakuachwa, maana wale wenzao kwa haraka yao walikosea mara nyingi, na kila walipokosea, Speciosa alipewa nafasi, akajibu sawasawa. Mpaka swali la mwisho walikuwa sare. Sare, wasikilizaji. Swali moja limebaki, shule ya watoto watatu iko hapo.

Anatory akashika kadi. Watu wanasema alisoma polepole kuliko siku zote, mimi sijui. Akaanza: "Sayari iliyo karibu zaidi na..."

Kengele ikalia. Mvulana wa Dar akasema, "Zebaki."

Sasa nifikirieni pamoja. Karibu zaidi na nini? Na jua, au na dunia? Swali lilikuwa halijafika. Mtoto yule alibahatisha, kama mtu anayejua kwamba akianguka kuna godoro. Lakini kadi ilisema jua, na jibu ni Zebaki. Anatory alikuwa na neno moja tu la kusema, na akalisema. "Sahihi." Makofi. Kikombe. Speciosa alikuwa bado amefunga mikono, anamtazama mjomba wake, anasubiri amalize swali.

Hapo ndipo jambo lilipomwingia Anatory na halikutoka. Je, Speciosa alilijua jibu? Kama hakulijua, basi walishindwa kihalali, na mtu alale usingizi. Lakini kama alilijua, basi mtoto amenyang'anywa shule kwa sababu ya adabu, na aliyeshika kadi ni mjomba wake. Francisca anasema kaka yake aliogopa kuuliza. Na mtoto, kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

Alijaribu kutengeneza. Naomba tumtendee haki, alijaribu. Kwanza alitaka kumsomesha Speciosa mwenyewe. Nduwayo, shemeji yake, akakataa. Ukoo wa Nduwayo ulivuka mto kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na miaka ile ya kambi hawakutaka jicho la mtu. Alisema mtoto aliyeshindwa mbele ya kamera akionekana kesho shuleni, watu watasema televisheni yote ilikuwa ya mjomba. Hasira hiyo ilikuwa haki yake, na ilichukua muda kupoa. Ilipopoa, mshahara wa Anatory ulikuwa umeshakatika.

Ulikatikaje? Alirudi Dar akawaambia wakubwa kwamba sheria ya kengele ibadilishwe. Swali limalizike kwanza, ndipo kengele. Akawaeleza jinsi mtoto wa kijijini anavyolelewa. Wakamwambia watazamaji wanapenda kasi. Akarudia. Akarudia tena. Siku moja mkubwa mmoja akamwuliza, taratibu kabisa, "Kwani Anatory, kwenu Ngara ni upande upi wa mpaka?"

Wasikilizaji, nyinyi mnajua swali hilo miaka ile lilikuwa na meno gani, lilitosha mtu aitwe si raia. Nyanya yake Anatory alitoka ng'ambo ya mto, Burundi. Ana shemeji mwenye jina la Kirundi. Mtu aliyeuliza maswali nchi nzima, lile moja hakulijibu. Baada ya miezi michache kipindi akapewa kijana mwingine, mtoto wa mtu mkubwa, aliyesoma Ulaya. Kengele ikaendelea vilevile.

Anatory hakurudi Murukulazo, nadhani aliona haya. Alikwenda Nyamahanga, Biharamulo, akalima, akafundisha historia. Darasani kwake hakuna mkono kuinuka mpaka afunge kitabu. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Subiri. Ni jina la utani, lakini walimpenda. Ila ni watoto wa darasa moja tu, shule moja, wilaya moja. Nimelifikiria hilo wiki hii yote na sikupata pa kulishika. Mtu mmoja akisubiri, na dunia yote inabonyeza, anasaidia nini? Ningewadanganya nikisema najua.

Na Speciosa? Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Mnajua nafasi zilikuwa ngapi. Ana miaka ishirini sasa, analima maharage, ana mkono mzuri.

Mwezi uliopita Anatory alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, na ulimi nao, ule ulimi waliousugua Dar. Neno likawa linatoka moja, linapumzika, linatoka jingine. Francisca akamtuma Speciosa Nyamahanga akamuuguze. Akamlisha uji, akamgeuza, akamfulia.

Siku ya mwisho ilikuwa mchana, jua kali. Speciosa alikuwa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Mjomba akaita. Akasogea. Akasema, kipande kipande, "Speciosa... siku ile... ya kengele... wewe... uli..."

Akakwama. Speciosa akaweka ungo chini, akafunga mikono, akasubiri.

Mgonjwa alimtazama muda mrefu, midomo inatafuta. Kisha akafumba macho kama anayepumzika ili aendelee. Hakuendelea. Anatory Gaspari, mtangazaji wa chemsha bongo, alifariki jioni hiyo hiyo, hajamaliza swali lake.

Jana Speciosa alikuja hapa studio. Alinipa shikamoo, akaketi ukingoni mwa kiti. Nikamwambia, "Speciosa, watu wanataka kujua, siku ile ghalani, swali la mwisho..." Yeye kimya. Nikaona aibu kwa niaba yake, nikataka kupita. Kisha nikatambua kwamba mimi ndiye sijamaliza. Nikamaliza: "Ulilijua jibu?"

Akameza mate. Akasema, "Nililijua. Zebaki, tangu darasa la tano. Nilikuwa namsubiri mjomba amalize."

Nikamwuliza, na juzi kitandani kwa mjomba, ulijua anachotaka kukuuliza? Nikamaliza yote, safari hii.

Akasema, "Nililijua na hilo. Nilikuwa namsubiri amalize."

Alilia baada ya hapo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa bibi Febronia aliyezika mtoto, kwa mama Francisca, kwa Nduwayo, kwa walimu na wanafunzi wa Nyamahanga, na kwa Speciosa, poleni. Poleni sana. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Na sisi tuliobaki tujiulize. Yuko mtoto nyumbani kwako au darasani kwako, kimya, mikono amefunga. Tumekwisha kusema kwamba hajui kitu. Huenda ni sisi ambao hatujamaliza kumwuliza.

Kwa kawaida hapa huwa napiga wimbo. Leo sitapiga. Nitanyamaza kidogo, kwa ajili ya Anatory Gaspari wa Murukulazo. Tafadhali, asiwepo wa kunikatiza.