Karai la Mzee Seifu

Sogea hapa kichwani pangu, Celina mdogo wangu, chukua daftari langu la kidato cha nne, kurasa za nyuma bado nyeupe, uandike. Na nyie wanangu, Isidori acha kumvuta mwenzio nywele, Candida toa kidole mdomoni, tegeni masikio kwa sababu mama yenu anakufa. Unacheka, Isidori? Cheka tu. Nilipokuzaa wewe walinishona, nilipomzaa Candida wakaniongeza damu, na huyu wa tatu anapiga mateke kama mgambo mlangoni. Baba yenu yuko Dodoma na lori, leo Jumapili, saa nane imeshapita, magari ya watu binafsi yamekatazwa kutembea ili kubana mafuta, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Seifu, amekwenda na magoti yake mabovu mpaka Kariakoo kunitafutia teksi ya hospitali, na hilo ndilo linaloniua kuliko uchungu wenyewe... aiii... ngoja.

Umepita. Andika. Kitenge cha maua ni chako, Celina. Cha jogoo mpe mama mkwe, ingawa alisema mbele za watu kwamba ugali wangu unafaa kuzibia nyufa. Mwambie nimemsamehe, ila mpe kabla hakijafuliwa. Sufuria kubwa msimwazime mtu. Chumba cha uani ni cha Isidori na Candida na huyu, akifika salama, na kuhusu chumba hicho kuna neno ambalo sitaki kwenda nalo kaburini.

Unakumbuka, Celina, lile tangazo kwamba mchanga wa Mto Msimbazi ni mali ya umma, asichimbe mtu ukingoni bila kibali, maana ukingo ukiliwa nyumba zitafuata? Mzee Seifu akaniita kwenye mkutano wa nyumba kumi nilisome mimi msomi, nikalisoma mpaka jina la mpiga chapa, kisha nikaona mlangoni kwake karai la mchanga wa kufukia dimbwi, nikasema sheria ni msumeno, balozi, hukata mbele na nyuma. Watu makofi! Karai likataifishwa, nikafanywa mlinzi wa ukingo, karai nikakabidhiwa nilitunze. Wanangu, fisi kakabidhiwa bucha.

Kwa sababu saruji tulikuwa nayo, mifuko minne baba yenu aliyoipangia foleni wiki nzima, ikaanza kuganda, na kibali nilikiomba, wakaniambia njoo kesho, njoo kesho, mpaka nikawachoka. Nikajiambia, mali ya umma, kwani mimi si umma? Nikachota fungu langu. Kila Ijumaa mchana, wanaume wako msikitini, Bi Waridi mkunga, jirani yetu wa ukingoni, kajilaza, mimi nateremka nyuma ya choo chake na karai lile lile la balozi, mchanga chini ya ndoo, nepi za Candida juu, na nepi zile hakuna mgambo aliyethubutu kuzipekua. Chumba kikasimama. Masika ikaja, choo cha Bi Waridi kikaenda na maji, na mlango wake na birika la kutawadhia, na pale matopeni likabaki karai. Nikaulizwa. Nikasema mwenyewe alikuja kulichukua. Msomi hasemi uongo, kwa hiyo mwizi akawa Mzee Seifu, karai likarudi kwangu, na tangu hapo Bi Waridi hajibu salamu yake, akipita anasema, "Huyoo, balozi wa mchwa!"

Sasa mtafanya hivi. Mkishanizika, nasema mkishanizika, si kabla, maana ulimi wa yule mama nikiwa hai siuwezi, mtakwenda kumwambia kweli yote. Ndoo tatu zilizobaki chini ya kitanda hiki rudisheni ukingoni, mpande matete juu yake. Na mkisikia mali ya umma, jueni umma ni Bi Waridi na choo chake... aiii, mama yangu!... Celina, usiandike hilo.

Nani mlangoni? Mzee Seifu? Teksi hakuna? Sasa huyo nyuma yako ni... umemwendea yeye? Shikamoo, Bi Waridi. Mmefika saa ngapi? Tangu kitenge cha jogoo?

Mungu wangu, nichukue sasa hivi.

Nini? Celina, anasema yeye hazalishi maiti, nichague moja. Nachagua kuishi, mama, nachagua, nitakijenga choo chako, mchanga wa kibali, arobaini ikiisha... haya, siku ya saba, hata kibali nitakilalia mlangoni kwao, na mpaka hapo utatumia chetu. Na Mzee Seifu utamwomba radhi wewe, mimi pumzi sina... yeye ameshakuomba radhi kwa ajili yangu? Njiani? Hata kabla hajanisikia? Alikuwa anajua! Mzee Seifu, ulijua? Karai lako limo jikoni, lilete, maji ya moto yatiwe humo.

Wanangu, tokeni nje, Mungu awape... awape ardhi isiyowakimbia miguuni, na majirani kama... kama... sauti inaniisha...

Celina, acha kuandika, shika mguu huu!