Funguo Arobaini na Tatu za Gaetan Perrine

Padri, ndugu, na ninyi majirani wa Bel Citron mliojaa leo katika ua ambao wengi wenu hamjaukanyaga tangu mwaka 2017, karibuni, viti vipo. Bwana Toussaint, mwenyekiti wa baraza la kijiji, alifika jana akamwambia dada wa marehemu, “Marie-Lise, iwe fupi, ile miaka tuiruke, tuseme tu aliugua, tusiaibishane,” naye dada, ambaye ndiye anayewasomea, jana hakuwa na nguvu za kumjibu. Leo anazo.

Marehemu Gaetan Perrine alizaliwa hapa Bel Citron tarehe 9 Februari 1975, siku tatu baada ya kile kimbunga kikubwa, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Antoine Perrine, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, na marehemu Lucette. Alisoma shule yetu ya msingi kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, hakufaulu mtihani wa mwisho, na mwalimu aliyekuwa akimwita kichwa maji alikuja mwaka 2003 akitokwa jasho, amefungia ufunguo ndani ya gari, akafunguliwa kwa dakika nne bila kukumbushwa chochote.

Alijifunza ufundi wa vitasa mjini Mahébourg kwa miaka tisa, na tarehe 12 Mei 1997 akafungua karakana yake hapa, jirani na duka la mikate la Madam Lafleur, na ikawa desturi, mnaikumbuka vizuri, kila nyumba kumwachia ufunguo mmoja wa akiba, ili mtu akifungiwa nje, au mzee akianguka bafuni, aitwe Gaetan. Alizitunza funguo hizo katika kopo la biskuti, kila mmoja na kikaratasi cha jina la mwenyewe.

Tarehe 4 Septemba 1999 alifunga ndoa na Josiane Azor, mkala biriani hadi nyingine mkaondoka nayo kwenye mifuko, na tarehe 17 Machi 2001 wakajaliwa binti yao mmoja, Ornella, huyu aliyekaa kando ya jeneza.

Mwaka 2009 alianguka kutoka juu ya ngazi akavunjika bega, rafiki mmoja akampa unga apunguze maumivu, na kwa miaka minane unga ukawa ndio bwana wake, hilo familia hailifichi. Aliuza mtungi wa gesi wa mama yake, aliuza hereni za dada huyu anayewasomea, na mwaka 2013 Josiane alimchukua mtoto akaenda zake Rose-Hill, na alikuwa na haki. Lakini miaka yote hiyo minane, akiamka na arosto, mwili unatetemeka, funguo zenu zikiwa kwenye rafu juu ya kichwa chake, hakuingia nyumba hata moja ya Bel Citron, nanyi kwa kuwa hamkujua lolote mlimwita fundi na kumpa mkono.

Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2017 alianza matibabu ya methadoni, dawa inayokata kiu ya unga, anayokunywa mgonjwa kila asubuhi kwenye dirisha la kituo cha polisi, foleni ikiwa wazi mbele ya kila anayesubiri basi, na siku hiyohiyo alipoanza kupona, ndipo ninyi mlipoanza kumwita teja. Mgonjwa akishameza hutakiwa atamke neno, ionekane hakuificha dawa mdomoni, na Gaetan kila siku alisema, “Bado nipo, afande,” naye Sajini Bissessur akamjibu, “Nakuona, fundi,” na huyo ndiye mtu pekee wa kijiji hiki aliyeendelea kumwita fundi.

Madam Lafleur alimwambia msichana wake wa dukani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Mkate wake mpe kwa koleo, usimguse!” Sufuria yake ya presha ilipopotea, mwezi Novemba 2018, Bwana Toussaint aliwaongoza wanaume sita kupekua karakana, wakamwaga vifaa vyote chini, na Krismasi sufuria ikaonekana kwa dada yake Madam Lafleur, aliyekuwa ameiazima, na hakuna aliyerudi kuokota hata bisibisi moja. Mlikuwa mnatafuta sufuria, watu wa akili, kwa hiyo kopo la biskuti hamkulifungua.

Mkaweka makufuli ya ziada kwenye mageti. Funguo zenu hamkwenda kuzidai, kwa sababu kuingia karakana yake ni kuonekana, na vitasa vipya hamkununua, kwa sababu ya ubahili, kisha mkasahau. Kitasa cha Bwana Toussaint kilipong'ang'ania, ni Gaetan aliyeitwa, akaambiwa, “Pitia nyuma, watu wasikuone,” naye akasema, “Kitasa kiko mbele, Mwenyekiti, nikipita nyuma nitakifungua kwa maombi?” Alikuja nyumbani akicheka, halafu akakaa na kuacha chakula chake kipoe, maana jambo moja tu alilitaka katika miaka hiyo, mtu mmoja aje amkabidhi ufunguo kama zamani.

Alikuja mmoja. Tarehe 1 Januari 2022 Ornella alimpa ufunguo wa nyumba yake ya Rose-Hill, akamwambia, “Papa, usibishe hodi, fungua uingie,” na siku hiyo alimwonyesha dada yake ufunguo ule mara tatu.

Tarehe 13 Mei 2024 alishikwa na tumbo, akapelekwa hospitali, na muuguzi alipoona kwenye karatasi neno methadoni alisema, “Ninyi watu wa dawa kila siku tumbo, unachotaka wewe ni sindano,” akarudishwa na vidonge vinne. Tarehe 15 alirudishwa hospitali amebebwa, daktari mwingine akamgusa tumbo akajua mara moja kuwa kidonda cha tumbo kimetoboka, lakini siku mbili zilikuwa zimepotea, na Alhamisi tarehe 16 Mei, saa nne asubuhi, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa.

Familia inamshukuru daktari aliyemgusa, na yule muuguzi kwa vidonge vyake vinne. Tunawashukuru majirani kwa mashada, ni mazuri, hamjawahi kumletea kitu kizuri hivyo. Tunamshukuru Sajini Bissessur kwa moyo wote, na wale wenzake Gaetan wa foleni waliosimamishwa nje ya geti, tunaomba waingie, viti vya mbele ni vyao.

Mtakapotoka kuelekea makaburini mtapita penye meza iliyo karibu na geti. Zipo pale funguo arobaini na tatu, zimepakwa mafuta zisishike kutu, vikaratasi alivibadilisha kila mwaka kwa mwandiko wake, na kila mwenye nyumba achukue wake. Majina hatutayasoma, tutawatazama tu mkichukua.

Wa Ornella haupo mezani, umo mfukoni mwa shati alilovalishwa marehemu, anakwenda nao. Pumzika, mdogo wetu, zamu yako ya kulinda nyumba za watu imekwisha.