Siku Mama Mkwe Aliponiogopa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mama Eliya wa Mkonze, na wengi mnanifahamu kwa sababu huwa nasimama na kwaya ya akina mama. Leo sikusimama kuimba. Nimesimama niseme jinsi Mungu alivyoniokoa na neno lililotoka kinywani mwa mtu ninayempenda, na jinsi alivyomrudisha mtu huyo kwetu. Mama mkwe wangu ameniruhusu. Amesema nisifiche kitu, hata kile kinachomtia aibu yeye mwenyewe.

Mimi nimezaliwa Njombe. Niliolewa huku Ugogoni nikiwa sijui hata kusonga ugali wa uwele. Mama Perusi, mama wa mume wangu, ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kuchuma mlenda, kuukausha na kuupika na karanga. Hakuwahi kuniita mkwe, aliniita mwanangu. Kwa hiyo goti lake lilipoanza kumtesa, kiangazi kilichopita, nilimwambia mume wangu tukamchukue kijijini kwake, upande wa Mpwapwa, akae kwetu atibiwe.

Alikaa nasi vizuri. Kila jioni alimpigia simu mwanawe mkubwa, shemeji Yona, aliyebaki na mifugo, akamuuliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Yona akisahau mmoja, mama alimkumbusha. Akili yake ilikuwa kali kuliko zetu. Ila alikuwa amepunguza kunywa maji, kimyakimya. Choo chetu kilikuwa nje, goti linauma, na aliona haya kuomba kushikwa mkono kila mara. Hilo hakumwambia mtu, tulilijua baadaye.

Mume wangu ni dereva, na siku zile alikuwa safarini Kigoma na wakubwa wake. Asubuhi moja nikampelekea mama uji. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwizi aliyeingia ndani. Akasema maneno ya Kigogo ambayo sikuyashika yote, kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe.

"Umetia sumu humu. Nimekuona."

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Akaupiga uji kwa mkono, ukamwagika.

Ndugu zangu, siku ile sijui niieleze vipi. Alimwita baba mkwe, ambaye tulimzika zamani. Alifukuza mbuzi waliokuwa kitandani, na kitandani hapakuwa na kitu. Aliketi akivuta nyuzi za shuka moja moja. Kisha anasinzia, ukimwamsha hajui yuko wapi. Mchana akili ikamrudia kidogo, akaniuliza kama Eliya ameshakula alipotoka shule, nikamshukuru Mungu. Kabla sijamaliza kumjibu, alikuwa ameshaondoka tena. Kitu chochote kilichopita mkononi mwangu alikitema.

Majirani walisikia. Mmoja akasema ni pepo, mwingine akasema ni uzee tu. Yupo aliyekaa kimya, akawaita watoto wake watoke uwanjani kwangu. Neno la sumu likishatamkwa halina udogo. Yule aliyekaa kimya ndiye aliyeniumiza zaidi.

Kesho yake shemeji Yona akafika. Mama alimng'ang'ania shati mbele ya watu wote, akamwambia amtoe pale, kwamba mimi nitamuua. Yona si mtu mbaya. Lakini mtoto akisikia hivyo kutoka kwa mama yake, afanye nini? Akaniambia, watu wakisikia, kwamba anampeleka kwa mtaalamu mmoja wa kienyeji anayemfahamu, aseme amelishwa nini na nani. Nikajua kwamba mtu huyo akitaja jina, litakuwa langu. Ni nani mwingine? Mimi ndiye mgeni, na mimi ndiye ninayepika.

Nikampigia mume wangu, nikampa Yona simu. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini alimsikia kaka yake na kaka yake akamsikia. "Kaka, mpeleke kwanza hospitali. Mganga hakimbii." Yona alikubali kwa sharti moja, kwamba mimi nisimguse mama.

Hospitalini mama alipigana. Alikuwa anataka kushuka kitandani aende kwake. Yona, kwa kuhofia asianguke, akaanza kumfunga mikono kwa kanga. Muuguzi wa wodi, Sista Debora, mama wa makamo, akamwomba aifungue. Alisema mzee akifungwa hofu inazidi, na ndivyo anavyoumia. Kisha akavuta kiti, akakaa chini kidogo ya macho ya mama, akamsalimia kwa Kigogo: "Mbukwa, mama." Mama akaacha kupigana. Halafu akaitikia. Sikuwa nimesikia salamu ikiitikiwa tangu jana yake.

Sista akatugeukia. Akauliza hali ile imeanza lini, nikamwambia jana asubuhi. Akauliza kabla ya hapo alikuwaje. Hapo Yona akajibu.

"Juzi jioni aliniuliza mbuzi wake wote," akasema. "Hakukosea hata mmoja."

"Basi huu si uzee," Sista akasema. "Uzee hauji kwa siku mbili. Kuna kitu mwilini kinausumbua ubongo wake. Tutakitafuta."

Daktari akaja, vipimo vikachukuliwa. Walikuta maambukizi kwenye njia ya mkojo, na maji mwilini yamepungua sana. Daktari alitueleza kwamba kwa wazee ugonjwa wa namna hiyo unaweza kuvuruga akili hata kabla homa haijaonekana. Yona akauliza, na sumu je? Daktari akajibu kwamba hakuona dalili yoyote ya sumu, na kwamba kuona vitu visivyokuwepo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Yona aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa bado hayajaniamini.

Mama akawekewa dripu na dawa. Ila wodi ile ni ya wanawake, na mwanamume haruhusiwi ila saa ya kuona wagonjwa. Kwa hiyo aliyepaswa kukaa na mama alikuwa ni mimi, yule anayemwogopa. Kila nikisogea alijikunja ukutani. Nikatoka nje, nikasimama kwenye uzio, upepo ukinipiga vumbi usoni, nikamwambia Mungu yaliyokuwa moyoni. "Bwana, ukimponya, hata kama hatanijua tena, nitakushukuru. Lakini akifa leo, usiache jina langu lizikwe pamoja naye." Nililia sana. Moyo uliniambia nipande gari nirudi Njombe. Nikarudi wodini.

Sista Debora alinifundisha kazi. Kitanda tulikisogeza dirishani aone mchana ni mchana. Nikaagiza miwani yake iliyobaki nyumbani. Kila nikimkaribia niseme mimi ni nani na yeye yuko wapi, kwa sauti ya chini. Akiona mbuzi nisibishane naye, wala nisiseme nami nawaona. Nimwambie tu niko hapa, uko salama. Mchana nisimwache alale kutwa nzima, tumketishe, tumtembeze hatua chache. Na kuhusu maji alisema, "Usimlazimishe. Kunywa wewe kwanza, akuone."

Nikamimina maji, nikanywa mbele yake. Akageuza uso. Nikangoja. Nikanywa tena, nikakishika kikombe kati yetu. Alinitazama muda mrefu, ndugu zangu. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua mwenyewe. Alikunywa akinikazia macho. Tangu hapo kila kikombe na kila kijiko cha uji nilianza mimi. Sikuona aibu. Kila nilipoonja nilisema moyoni, Bwana, nitetee.

Alirudi kidogo kidogo. Alasiri moja nilikuwa namfuta uso kwa kitambaa, akanishika kichwa. "Mama Eliya," akasema, "mbona nywele hazijasukwa?" Jioni alipotea tena, lakini Sista alikuwa ameshaniambia nisikate tamaa, ndivyo inavyokuwa. Kesho yake alikaa nasi muda mrefu zaidi, na kesho yake zaidi tena.

Yona alipokuja saa ya kuona wagonjwa, mama alimwambia akae. Alizungumza Kiswahili, na najua alikitumia kwa ajili yangu.

"Yona, nilimwona akitia sumu. Nilimwona kwa macho haya. Na haikuwepo. Usimchukie mke wa mdogo wako kwa ajili ya macho yangu."

Yona akazunguka kitanda, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniomba msamaha. Nikasema nimesamehe. Nawaambia ukweli, mdomo ulitangulia, moyo ulifika baadaye. Lakini ulifika, kwa sababu kabla hajarudi kwa mifugo yake alikuja Mkonze, akasimama palepale uwanjani, akawaambia majirani kwa sauti ileile aliyonishtakia kwamba mama alikuwa mgonjwa na kwamba mimi ndiye niliyemuuguza.

Mama yuko nyumbani. Mume wangu amejenga choo cha ndani. Hajarudi kuwa kama alivyokuwa kabisa, na sitawadanganya kwamba amerudi. Anachoka upesi. Kuna jioni anauliza hii nyumba ni ya nani. Tunamwambia ni yako mama, naye anatulia. Tunampeleka kliniki, na maji tunakunywa naye.

Namshukuru Mungu kwa mikono ya waliomhudumia. Ndugu zangu, ukiona mzee wako amebadilika ghafla, usiseme ni uzee, na usimtafute mchawi. Mpeleke hospitali, na umwombe Mungu njiani; njia ni ile ile moja. Akikuita adui, usiondoke kando ya kitanda chake. Na kama leo uko hapa unabeba jambo ambalo hukulifanya, na walio karibu nawe wamekugeuzia uso, njoo tuombe pamoja. Mimi nilimwita Bwana wakati hakuna aliyeniamini. Alisikia. Mtumainini, naye awatunzie wazee wenu.