Bomba kwa Dada, Vibati kwa Mdogo Wake

Funga mlango, mwanangu. Ukitaka kuuegemea uegemee, lakini uwe ndani. Na wewe dada yake, weka hicho kikapu chini, hakuna mwizi humu. Mdogo wangu, wewe mama yao mdogo, kaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu, maana wewe ndiye shahidi, na shahidi hakai pembeni akichungulia. Nitakalosema ulishike, na sauti yangu ikizama uwarudishie kama lilivyo, usiongeze chumvi, nakujua.

Wanangu, tegeni masikio. Najua mmemuuliza mama yenu mdogo, kila mmoja kwa wakati wake kwa kuwa wenyewe hamsemezani, mzee huyu ana nini hata akataka kitanda chake kitolewe chumbani kiletwe jikoni, katikati ya oveni na kabati la vyombo, mahali ambapo mtu hapiti bila kugonga kiwiko. Jibu ni hili. Kesho ni sikukuu, na mimi kesho sina uhakika nayo. Daktari alinizungushazungusha maneno, nikamhurumia, nikamwambia baba nimeelewa, nenda kapumzike. Basi wosia wangu nautoa leo hii huku nyinyi mkioka, na neno la nyumba sitalitamka mpaka trei ya kwanza iingie kwenye moto. Pumzi yenyewe ndiyo hii mnayoisikia. Mkinichelewesha nitaondoka nalo, mbaki mkiburutana mbele ya mahakimu mpaka mvi ziwaote.

Wewe wa mlangoni, usiguse kitasa! Nimekuona.

Lile bomba la kubania biskuti, kwa ambaye amejisahaulisha, halikununuliwa dukani. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa rangi, na fundi wa rangi huokota vinavyoachwa na wanaohama. Akaja nalo ndani ya ndoo ya rangi, bomba la bati lenye mpini wa kusukuma, na vibati vyake vya duara vyenye matundu, kingine ua, kingine nyota, kingine msumeno. Tukaligeuzageuza, hatujui la nini. Yeye akaona ni chombo cha kazi yake, akalijaza lipu akaziba nyufa za ukuta wa choo, na lipu ikatoka nyota nyota. Mnacheka? Chekeni, lakini nani kacheka kwanza sikuona, nilikuwa natazama dari. Mpaka nilipoliona jingine kwa mama mmoja niliyemfulia nguo, akilibana juu ya trei, ndipo nilipokimbia nyumbani kulichemsha lipu yote ibanduke.

Tangu hapo, kila mkesha wa sikukuu, jiko hili lilikuwa letu. Siagi tunaitoa mapema ilegee bila kuyeyuka, tunaisaga na sukari mpaka iwe nyeupe, kiini cha yai, vanila kidogo, halafu unga uliochekechwa, na donge halipigwi ngumi kama la mkate, linabembelezwa. Binti alibana, mdogo wake alishika trei isitoroke mezani, kwa sababu bomba lile ukilisukuma peke yako trei inakimbia na biskuti inatoka imelala ubavu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nilikuwa nikiwatazama vichwa vyenu viwili vimeinama juu ya trei moja, nasema moyoni, hawa hata nikifa leo, hawatapotezana.

Na mkapotezana nikiwa hai, naona kwa macho yangu.

Nitalisema, mama mdogo, usinibane mkono. Sikukuu ya kwanza baada ya kumzika baba yenu, udongo wa kaburi bado mbichi, wewe kijana uliingia humu ukaanza kusaga siagi, ukasema mzee angependa harufu hii ndani ya nyumba yake. Dada yako akatoka chumbani macho yamemvimba, akasema katika nyumba ya msiba hakuokwi biskuti, akaishika trei akaimwaga sakafuni, hapa hapa kilipo kitanda changu, na waliokuja kutupa pole wanashuhudia. Hayo yangezoleka kwa ufagio. Lakini wewe ukafungua kinywa ukamwambia, "Hukuwepo alipokata roho, leo unatufundisha kulia?" Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Dada yako usiku ule alikuwa barabarani, basi limekatika ekseli, anasimamisha kila gari linalopita, na hilo ulikuwa unalijua. Mkanyang'anyana bomba mpaka likaachana, dada akabaki na mwili wa bomba na mpini, wewe ukabaki na vibati mkononi, kila mmoja akaondoka na chake amekishikilia. Jamani! Nilizaa watu wazima au nilizaa watoto wa chekechea? Bomba bila vibati linatoa ujiti tu, na vibati bila bomba utavifanyia nini, hereni? Tangu hapo mimi oveni nimeigeuza stoo ya sufuria, na wageni wa sikukuu nawapa biskuti za dukani. Za dukani. Mimi!

Niliumia, wanangu. Sikuwaambia, lakini niliumia kila mwaka.

Sasa, binti, toa bomba. Naam. Umelitunza, linang'aa, mshonaji huwezi kukaa na chuma chenye kutu. Donge mama yenu mdogo ameshalikoroga, liko chini ya ile sahani. Kijana, vibati. Nilikupigia simu mwenyewe nikakwambia uje navyo, na nimekuona tangu umeingia mkono hautoki mfukoni. Ati nini? Sema kwa sauti, wewe unapiga kelele na mafriji ya watu kutwa nzima, leo sauti imekwenda wapi?

"Nilivitupa, mama. Kwa hasira. Kimebaki kimoja."

Kimoja. Haya, weka mezani. Nyota. Binti! Rudisha hicho kikapu chini! Nimesema rudisha! Ukitoka kwa mlango ule leo huniku... hukuti mtu ukirudi. Ngoja. Ngojeni. Mdogo wangu, nipe maji, kijiko tu, nimepaza sauti nisiyokuwa nayo.

Haya. Binti yangu, wa kwanza wa tumbo langu, nisikilize mimi kama huwezi kumsikiliza yeye. Ametupa vibati, ni mjinga, nakubali, na shahidi aandike moyoni kwamba mama yake amesema ni mjinga. Lakini mtu mwenye hasira hutupa vyote. Huyu kabakiza kimoja, na kamuulize mwenyewe kwa nini, si leo, siku mtakayotaka. Na wewe, kwa miaka yote hii unalisugua bomba usiloweza kulitumia, ulikuwa unalisugulia nini? Nani aliyekwambia nyota peke yake haitoshi sikukuu? Vua koti. Nawa mikono. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, lakini mimi jembe sina tena na kapu ninalo hilo hilo lako, basi fanyeni upesi.

Hivyo hivyo. Kaza kifuniko. Siwalazimishi kusemezana, fanyeni kazi tu. Mimi niseme ya pembeni wakati mnajaza donge. Deni sina kwa mtu, ila sahani yenye mstari wa buluu kwenye kabati ni ya jirani wa ukuta wa pili, yule tuliyekosana naye juu ya mfereji wa maji. Sahani ya mtu hairudi tupu, mrudishieni na biskuti, na mfereji mwacheni nao, nimechoka kuushindania. Nguo zangu ni za mama yenu mdogo, asizitupe zile zinazombana, azipanue, mshonaji yupo. Redio ya baba yenu...

"Dada, trei haipakwi mafuta."

Mmesikia? Mdogo wangu, umesikia? Amesema dada. Nyamazeni wote, aseme tena. Hataki? Basi nitasema mimi. Kweli, binti, umeshika siagi unaipaka trei, umezoea kuoka keki. Donge hili linataka bati kavu, tena la baridi, lishike. Ukilipakia mafuta linateleza, unainua bomba na biskuti inainuka nayo, utabana mpaka kesho trei tupu. Mwache akuambie. Umjibu unavyotaka, lakini umjibu yeye, usinitazame mimi.

"Nani kakuuliza? Na wewe shika trei vizuri, inakimbia."

Aa. Aa, wanangu. Nipeni dakika.

Hapana, silii maumivu. Msisimame, nimesema msisimame! Futa hiyo trei kwa kitambaa kikavu, uipoze kwa maji, uifute tena. Sasa bana. Usisukume kwa pupa, sukuma mara moja, hesabu kidogo, inua moja kwa moja. Imeshika? Nionyesheni. Inamisheni trei nione... imepinda mguu mmoja, hiyo. Haidhuru. Nyota ya pili itakuwa nzuri. Endeleeni mpaka trei ijae, msizibananishe, zinatanuka.

Mlango wa oveni unafungwa kwa kuusukuma na goti, kijana, umesahau? Hapo. Imeingia. Sasa mimi natimiza neno langu, na mama yenu mdogo anasikia.

Nyumba hii haiuzwi. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni cha binti, aweke cherehani yake, apate wateja bila kulipia kibanda. Vyumba vya nyuma na uwanja ni vya kijana, aweke mafriji yake mabovu, na asiyaache yakaota majani. Jiko hili sikumpa mmoja. Ni la wote wawili, halitiwi kufuli, halijengewi ukuta katikati, na anayetaka kuoka atamwita mwenzake. Bomba na kile kibati vikae kwenye droo moja, ndani ya jiko, na mtu akivitenganisha tena, mama yenu mdogo, ukiwa hai...  umchape. Ndiyo, na mvi zake.

Na wewe kijana, lile neno la usiku wa baba yako. Maji yakimwagika hayazoleki, najua. Lakini mtu humsaidia mwenzake kufuta. Utatafuta siku yako. Mimi nakuomba tu isiwe mbali, kwa kuwa mimi niliahirisha mengi na baba yako, tukisema kesho, kesho.

Nani kazima taa? Haikuzimwa? Basi ni macho. Nipeni mikono, mmoja upande huu, mmoja huu. Ina unga. Vizuri, iacheni. Mungu awape riziki isiyokuwa na fitina. Awape watoto watakaowasumbua kama mlivyonisumbua, na watakaowapenda zaidi ya... zaidi. Ulimi wenu uwe na kizuizi, mlango wenu usiwe nacho. Akija mgeni kesho, mpeni hizo hizo, zilizopinda mwanzo. Nimewaridhia. Wote wawili, sijabakiza kinyongo hata cha... hata kidogo. Mkinizika, msikae kimya ndani ya nyumba hii. Kimya nimekikaa mimi, nakijua.

Harufu hiyo. Zinaanza kuwa na rangi pembeni. Zitoeni kabla hazijawa...

"Bado, mama, bado kidogo."

"Bado nini? Zinaungua! Toa!"

"Wewe wa keki, nyamaza, hizi nazijua mimi."

Mdogo wangu, sogea... uniinue kichwa. Hapo panatosha. Usiwanyamazishe. Waache wabishane, mimi nasikiliza.